Saa ya Kudokoa

Nyumbani kwetu Tanga, mtoto akiitwa mdokozi alikuwa na kesi. Mdokozi ni yule anayengoja mama ageuze kisogo, akafunua sufuria, akang'oa kipande cha samaki na kufunika kama hapakuwa na mtu. Tulichapwa kwa hilo. Lakini kila siku ilikuwapo saa moja, baina ya Magharibi na Isha, ambayo kudokoa kulikuwa ruhusa, tena mbele ya baba, tena kwa kukaribishwa. Mama alitoka na sinia dogo, akaliweka katikati ya jamvi barazani, akasema, "Haya, dokoeni." Leo bajia za kunde, kesho muhogo wa kukaanga na pilipili ya ukwaju, keshokutwa karanga za kuchemsha na maganda yake. Chakula chenyewe kilikuwa bado kinatokota jikoni, na hakuna aliyekiulizia.

Baba alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa papo hapo barazani, kwenye mojawapo ya zile barabara za Ngamiani zinazoitwa kwa namba. Akisikia adhana aliifunika, akaenda kuswali, na akirudi hakuigusa tena mpaka kesho yake. Hapo ndipo alipopita muuza kahawa. Tulimsikia kabla ya kumwona, vikombe viwili vinagongana mkononi mwake, ka-ka-ka, ka-ka-ka, huku mkono wa pili umebeba dele lenye makaa chini yake. Alimimina kutoka juu, mkondo mwembamba kama uzi, ukatua ndani ya kikombe cha sini kisicho na mkono bila tone kumwagika. Wakubwa walikunywa uchungu ule kwa kipande cha kashata. Sisi tulipewa kashata bila kahawa, na maji ya ukwaju, tukaona tumependelewa.

Pale ndipo nilipojua kwamba shangazi anaposwa, kwamba jirani wa pili amekwama na deni, kwamba vuli imechelewa na mahindi yatapanda bei. Hakuna aliyetukalisha kitako akatuambia. Tulisikia tu, vidole vinamenya karanga.

Nilipoolewa tukahamia Kigamboni, Dar es Salaam, saa ile ikafa na hakuna aliyeizika. Natoka kazini mjini saa 11, napanga foleni ya kivuko, napanda bodaboda, nafika nyumbani giza linaingia. Baba watoto anafika nyuma yangu. Watoto wanarudi shule saa 10 na njaa, wanamaliza pakiti ya biskuti na juisi ya boksi mbele ya televisheni, na chakula kikiiva saa 3 usiku wanakizungusha kwenye sahani mpaka kipoe. Nikawa nagombana nao kila siku. Nikaona ugonjwa ni biskuti, nikazificha. Basi wakawa wanakuja mezani na njaa iliyogeuka hasira, wanakula kwa pupa dakika 10, kila mmoja anashika njia yake. Nilikuwa nawalisha, lakini sikuwa nakaa nao.

Baba alifariki mwaka 2019. Mama alipomaliza eda, ile miezi 4 na siku 10, kaka zangu wakashauriana aje akae kwangu kidogo ili nyumba ile isimwelemee. Alikuja na begi moja, jamvi lililokunjwa, na kikapu chenye kinu kidogo cha kutwangia kahawa na vikombe 6 vya sini ambavyo baba alivitunza kwa wageni wake.

Wiki nzima hakusema kitu, alitazama tu tunavyoishi. Siku ya nane nimeingia getini, nikamkuta ametandika jamvi kwenye varanda, birika liko juu ya jiko la mkaa, vikombe viwili vimefudikizwa juu ya kisahani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa."

"Mama, sijabandika chakula."

"Chakula kina miguu? Kaa."

Nikakaa na mkoba begani. Alinimiminia nusu kikombe, akanisogezea tende 4. Upepo wa baharini ulikuwa unatulia, na kwa jirani mtu alikuwa anafagia uwanja. Hatukuzungumza jambo kubwa. Aliniuliza tu yule mama anayeuza maandazi pale kona ni mtu wa wapi. Miaka 6 napita pale asubuhi na jioni, sikujua. Dakika 20 hazikufika. Lakini nilipoinuka kwenda jikoni nilikuwa na mwili mwepesi, na nakumbuka nilistaajabu kwamba kikombe kidogo vile kimeweza kunivua siku nzima.

Nikataka kila mtu akipate nilichokipata, na hapo ndipo nilipoanza kukosea. Jumamosi iliyofuata wifi yangu alikuja na wanawe, nami nikasema leo tukae barazani kama kwetu. Nilikaanga sambusa, katlesi na kachori, nikachoma mishikaki, nikafungua soda kubwa tatu. Watu wakala, wakacheka, wakanisifu. Ulipofika wakati wa chakula, wali wa nazi na changu wa kupaka niliyemhangaikia tangu adhuhuri wakawekwa mezani, na kila mtu akawa anavitazama kwa macho ya huruma. Watoto walikwisha lala kwenye makochi. Mama akachukua kawa, akalifunika sinia la wali taratibu, akaenda kuswali Isha. Hakutamka neno. Kwa anayemjua mama yangu, huko ndiko kusema.

Asubuhi, tukiwa wawili jikoni, ndipo aliponiambia: "Jana umepika mara mbili, na chakula hakijaliwa hata mara moja. Cha kudokoa kinaita njaa, mwanangu. Wewe umeifukuza."

Tangu siku hiyo sinia letu ni lile dogo, la kipenyo cha sahani mbili. Bajia ni 3 kwa kila mtu, muhogo vipande viwili. Likiisha limeisha, hakuna kurudi jikoni kuongeza. Binti yangu, aliyekuwa na miaka 5 wakati ule na ndiye mdogo wetu, aliumia kuliko wote. Siku za mwanzo alilia kabisa. Mama hakumbembeleza kwa bajia ya nne, alimpa kazi ya kugawa: ahesabu watu, ahesabu bajia, ampe kila mmoja haki yake na yeye awe wa mwisho. Ikawa cheo. Na kabla mwezi haujaisha, jioni moja nikamsikia akiuliza, "Mama, chakula bado?" Swali hilo sikuwahi kulisikia ndani ya nyumba yangu. Nililipokea kama salamu.

Bajia za kunde zinastahili kuelezwa vizuri, maana nimezipenda tangu utotoni na nimechelewa sana kuzijua. Nilizoea kununua. Zangu za kwanza zilitoka ngumu kama kokoto, nikatia hamira, zikawa laini lakini zinanukia mkate. Mama akanianzisha upya. Robo kilo ya kunde inatutosha watu 6. Unazichagua, unaziloweka asubuhi kabla hujatoka, jioni unazikuta zimevimba mara mbili yake. Unazipikicha kwa viganja ndani ya maji mengi, maganda yanavuka na kuelea, unayamwaga pamoja na maji, unajaza tena, unarudia mara 4 au 5 mpaka zibaki nyeupe tupu. Watoto wanaipenda kazi hiyo, na wakilowa wanalowa. Kisha unasaga kwa maji kidogo mno, vijiko viwili vitatu tu vya kuisaidia mashine izunguke.

Mimi nilikuwa nikitoka hapo moja kwa moja kwenye mafuta. Mama aliniondolea bakuli mkononi, akashika mwiko, akaanza kulipiga lile rojo kwa kuzungusha upande mmoja. Dakika 5. Dakika 10. Mkono wake una mishipa kama kamba na haukusimama. Nikaona rojo linabadilika, linakuwa jeupe zaidi, linavimba, linajishikilia kwenye mwiko bila kudondoka. "Tia tone kwenye glasi ya maji," akasema. Nikatia, likazama kidogo na kupanda juu. "Sasa limeingia pumzi." Hewa ile ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi niliyoitaka hamira inifanyie. Vitunguu, pilipili mbichi, kotmiri na swaumu vinafuata. Na chumvi inakuja mwisho wa mwisho, mafuta yakiwa yamekwisha pata moto, kwa sababu chumvi huvuta maji kutoka kwenye kunde na vitunguu, rojo likalegea, na bajia zikanywa mafuta badala ya kuiva ndani yake. Mara ngapi nimejisahau nikaitia mapema! Mama hakuwa na haja ya kuonja. Alitazama karatasi niliyoziwekea bajia, akaona ilivyolowa, akanitazama mimi.

Baada ya bajia nilijifunza jambo ambalo hakuna aliyenifundisha kwa mdomo, nililiona mwenyewe kwa kukaa pale siku baada ya siku. Siku za bajia watu wanakula na kusifu. Siku za karanga za kuchemsha watu wanazungumza. Bajia inaingia mdomoni mara moja na mkono unabaki mtupu, unatafuta simu. Karanga yenye ganda inaushughulisha mkono. Unaiminya, inapasuka, maji ya chumvi yanakutoka vidoleni, unatoa mbili au tatu, unatupa ganda kwenye ungo, unachukua nyingine. Macho yana pa kutazama, na mtu ambaye macho yake yana pa kutazama ni rahisi kusema jambo zito. Mbegu za maboga zilizokaangwa kwa chumvi ni hivyo hivyo. Hata miwa ya kumenya kwa meno. Siku hizi nikiona mtu ana jambo moyoni, sikaangi kitu. Nabandika karanga.

Vinywaji navyo vilinitesa. Nilidhani nawafurahisha watoto kwa soda, kumbe glasi moja ya soda kabla ya chakula inawashibisha. Mama aliniambia nitazame wazee walichagua nini kwa saa hii: kahawa tungu, ukwaju, malimau. Kichungu na kichachu vinaleta mate; kitamu sana kinafunga mlango. Basi nikarudi kwenye ukwaju. Robo kilo kwa lita 2 za maji ya vuguvugu, unauacha nusu saa, unaukamua kwa mkono, unauchuja, unatia tangawizi iliyotwangwa na chumvi chembe. Sukari ndiyo iliyokuwa vita, kwa sababu nilikuwa nikitia kikombe kizima na wanangu walizoea. Sikuikata kwa siku moja. Nilipunguza vijiko viwili kila wiki, na tulipofika vijiko 4 kwa jagi zima hakuna aliyeshtuka. Mkubwa aliposhika glasi ya ukwaju kwenye harusi moja hapa mtaani alikunja uso akasema umezidi sukari.

Kahawa haikututendea sote sawa. Baba watoto aliipenda mno, vikombe vitatu saa 1:30, halafu saa 7 usiku macho yake yako darini. Kwa mtu mzima mwenye afya, nusu ya kafeini aliyoinywa bado inazunguka mwilini baada ya saa 5 hivi, na vile vikombe ni vidogo lakini kahawa yake imechemshwa ikakolea. Tukakubaliana kikombe kimoja kwake, na birika la pili liwe la mchaichai kwa anayetaka kuongeza. Mama mwenyewe alikunywa viwili akalala kama mtoto, miaka yote.

Kwangu mimi ilikuja sababu nyingine. Mwaka 2021 nilikuwa na mimba, na kliniki wakanipima wakakuta damu iko chini. Muuguzi alinipa vidonge vya madini ya chuma, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: nakunywa nini na chakula? Nikamweleza kwa fahari kuhusu jioni zetu, bajia za kunde na chai ya tangawizi. Akatikisa kichwa kwa upole. Kunde zina madini ya chuma, akasema, lakini chai na kahawa huuzuia mwili usiyanyonye yale yanayotoka kwenye mimea. Niache angalau saa moja kati ya chai na chakula, na vilevile kati ya chai na vidonge. Akanishauri nihamie kitu chenye vitamini C, maana hiyo husaidia chuma kuingia. Nikahamia juisi ya ubuyu. Unga mweupe wa ubuyu unaupikicha kwenye maji, unachuja mbegu, inatoka nzito na chachu kiasi kwamba haihitaji maneno. Nilikunywa hiyo miezi yote iliyobaki, na ndiyo mpaka leo glasi yangu ya saa ile. Nawaambia dada zangu wajawazito jambo hili kila ninapopata nafasi, kwa sababu chai ndiyo tunayoikimbilia na hakuna anayeishuku.

Mbu. Siwezi kuandika habari za kukaa nje magharibi Kigamboni nikawaruka mbu. Tulichoma makumbi ya nazi, moshi ukawafukuza wao na sisi pia. Kilichotusaidia ni feni ya kusimama, imewekwa chini na kuelekezwa miguuni, maana mbu ni mrukaji dhaifu na upepo kidogo tu unamshinda. Watoto wanavaa suruali ndefu. Basi.

Baba watoto alikuwa mgumu kuliko wote kuingia jamvini, na si kwa ukaidi. Kwao mkwe haketi ovyo mbele ya mama wa mkewe. Wiki za mwanzo alichukua kikombe chake akakaa kwenye kigoda karibu na mlango, mgongo umenyooka kama yuko kwenye kikao. Mama hakumlazimisha. Alimwita "baba" kwa heshima, akampa kikombe kwa mikono miwili, akamwachia kigoda chake. Kilichomshusha ni kahawa yenyewe. Siku moja mama alikuwa anakaanga buni, na moshi wake ulipobadilika harufu alimwuliza, "Baba, unaonaje, ziepuliwe?" Akainuka, akaja, akachuchumaa kutazama. Zilikuwa zimefikia rangi ya gome la mnazi mkavu. "Bado kidogo, mama," akasema. Tangu siku hiyo mkaanga kahawa wa nyumba ni yeye, na kigoda kikarudi jikoni.

Na ni buni hizo hizo zilizotufungua macho, kwa maana ya maneno yenyewe.

Mama hakununua kahawa iliyosagwa. Alinunua buni mbichi, akazimwaga kwenye ungo, na kabla ya kukaanga zilichambuliwa: zilizotobolewa na wadudu, nyeusi, vipande vya maganda, kijiwe kimoja kimoja. Kazi hiyo alimpa mwanangu mkubwa, wakati huo ana miaka 11. Tulikaa jamvini, taa ya varanda inawaka, karanga zipo. Nilikuwa namsimulia baba watoto habari za kazini. Mama akakatiza.

"Mjukuu wangu, unachambua au unanusa?"

Tukageuka. Mtoto ameinamia ungo, uso wake uko karibu na buni kiasi cha upana wa kiganja. Anaokota moja, anaileta jichoni, anaiweka. Akacheka kwa aibu akainua kichwa. Mama hakucheka. Akainua punje moja ya karanga kwa mkono ulionyooka. "Hii ina ngapi?" Mtoto akakodoa. Akasema, "Sioni, bibi."

"Na ubaoni?"

Akanyamaza. Akachukua karanga, akaiminya, akaitoa, akaichambua ngozi yake nyekundu mpaka ikaisha. Nikataka kusema, mama akanigusa goti. Kisha kikatoka, polepole, macho yake kwenye vidole: ubaoni haoni tangu muhula uliopita, ananakili kwa mwenzake, na mwenzake akikosa shule yeye anarudi na daftari tupu. Nilikuwa nimeliona daftari tupu. Nilikuwa nimemchapa kwa ajili yake. Kwa nini hakuniambia? Alisema alitaka kuniambia, lakini mimi kila akija niko jikoni na ninamwambia asubiri, na tukifika mezani kila mtu anakula upesi.

Tulimpeleka kupimwa macho wiki ile ile, akapewa miwani. Siku ya kwanza alirudi akaniambia kwamba mti wa mwembe una majani, jani moja moja, mpaka juu kabisa. Sijui kama nimewahi kulia hivyo mbele ya mwanangu.

Nasema jambo hili wazi kwa kila mzazi anayerudi nyumbani amechoka kama mimi. Sikuwa mama mbaya. Nilikuwa na sufuria motoni. Lakini mtoto haleti siri yake kwa mtu aliyesimama.

Jamvi likapata watu wengine pia. Jirani yetu mzaliwa wa Bukoba alipita jioni moja kurudisha bakuli, akaambiwa akae, na kesho yake akarudi na kifuko kidogo cha akamwani. Ni buni za robusta zinazochemshwa na majani yenye harufu kisha kukaushwa, nazo hazinywewi, zinatafunwa. Kwao Kagera, akasema, mgeni akifika huwekewa hizi kiganjani kabla ya neno lolote. Mama aliitia moja mdomoni, akaitafuna kwa makini, akatulia. Miaka 70 amekunywa kahawa na hakujua kwamba ndani ya nchi yake mwenyewe ipo sehemu inakotafunwa. Wakakaa wawili hao mpaka adhana ya Isha, mmoja anaeleza Ngamiani, mwingine anaeleza migomba inavyozunguka nyumba za kwao, na chakula changu kikaungua kidogo chini na sikukasirika.

Mwezi wa Ramadhani saa hiyo inabadilika, maana ndiyo saa ya kufuturu. Lakini hapo ndipo nilipofahamu mama alikopata mpango wake. Adhana ikilia kwetu ni tende 3 na maji, pengine uji mwepesi wa pilipili manga, kisha watu wanaswali Magharibi, na baada ya swala ndipo futari yenyewe inaposhushwa. Tumbo linabishiwa hodi kwanza. Mama aliyachukua yale ya mwezi mmoja akayatandaza mwaka mzima, kwa udogo ule ule. Nilipomwambia nimeligundua hilo alinitazama kana kwamba nimemwambia mvua inanyesha kutoka juu.

Sitaki mtu adhani tunakaa kila siku. Wiki ya mwisho wa mwezi nachelewa kazini, na masika varanda inalowa. Tunafika siku 4 kwa wiki, tano tukijitahidi. Jua la Dar es Salaam huzama kati ya saa 12:15 na saa 12:45 jioni hivi mwaka mzima, kwa hiyo saa yetu haihami sana, na hiyo ni neema. Nimeomba kazini niingie mapema asubuhi ili nipate kivuko cha mapema jioni. Waliponiuliza sababu niliwaambia ni ya kifamilia, na ni kweli. Chakula nakitayarisha usiku uliotangulia, nazi imekunwa, samaki ametiwa viungo, ili nikikaa nisiwe nakaa nusu. Televisheni inazimwa. Simu zinabaki ndani, juu ya friji, zote, pamoja na ya baba watoto.

Isipokuwa moja. Mwaka juzi mama alirudi Tanga. Alisema nyumba ikikaa bila mtu inaingia mchwa, nasi tukajua alitaka baraza lake. Kinu aliondoka nacho, vikombe aliniachia. Basi simu yangu inakaa kwenye jamvi, pembeni ya sinia, na ikilia ni yeye.

"Mmeshakaa?"

"Tumekaa, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Wajukuu wapo?"

Wanamwamkia wote kwa pamoja, hata yule wa mwisho ambaye anajua kusema "bibi" tu. Nasikia nyuma yake vikombe vinagongana barabarani, ka-ka-ka.

"Kuna nini leo?"

"Kunde, mama."

Kimya kidogo.

"Chumvi umetia saa ngapi?"